Kaburi Linalofuka

Mti wangu ulikuwa unakufa, na muuaji ni mimi. Miaka 3 nimeegesha gari chini yake kufuata kivuli, udongo ukashindiliwa mpaka ukawa sakafu. Nikipiga jembe, linadunda na kunirudia. Nikimwaga maji, yanatambaa juu juu yakitafuta pa kuingia, halafu yanaenda zake.

Fundi bustani akaniambia: "Usilime, utakata mizizi, mingi iko hapo juu tu. Weka matandazo, yaani nyasi na vibanzi vya kufunika udongo, sentimita 5 hadi 10. Nyungunyungu watakulimia."

Mimi nilichosikia ni kulimiwa bure.

Hizo sentimita nikaziona za ubahili. Nikaleta nyasi mbichi na vibanzi vya matawi, nikarundika hadi kiunoni, nikaegemeza kwenye shina. Upande mmoja kuna ukuta, kwa hiyo rundo likatoka refu, jembamba. Nikalipigapiga kwa koleo likae sawa. Nikalala kwa raha.

Alfajiri, hodi. Mama jirani, macho mekundu.

"Pole, mwanangu. Mbona hamkutuambia?"

"Kuhusu nini, mama?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikageuka. Kweli, kaburi. Tena linafuka moshi.

Sikujua kwamba majani mabichi yakirundikwa, vijidudu vinavyoyaozesha huchemsha rundo, na katikati joto linaweza kupita nyuzi 60. Nilijua moto tu. Nikakimbilia ndoo, nikamwaga, mvuke ukapanda maradufu, na ndani yake akachomoka panya mnene kama aliyekuwa analipa kodi humo.

Mama huyu kila siku analalamika magoti. Ua wangu aliuruka kwa hatua moja.

Fundi alipokuja alicheka mpaka akakaa chini. Tukalibomoa, tukalitandaza mpaka usawa wa ncha za matawi, unene wa vidole vinne, tukaacha kiganja kizima wazi kuzunguka shina maana gome likilowa muda wote linaoza. Gari nikalihamishia juani. Linaniunguza makalio kila mchana, nastahili.

Miezi 8 baadaye nilichomeka bisibisi pale pale jembe lilipodunda. Ikazama hadi kwenye mpini.

Mama jirani bado anapita upande wa pili wa njia. Juzi alisimama, akaniita kwa mbali:

"Na marehemu?"

"Ametoa majani mapya, mama."

Hakungoja nimalize.