Western Breach: uamuzi ufanyike mlimani, si ofisini

Njia ya Western Breach inauzwa hapa Moshi kwa wageni wanaotaka kufika kilele cha Kilimanjaro bila kubanana na watu. Sina ugomvi na njia yenyewe. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi wa kuipanda mara nyingi unakuwa umeshapita ofisini, pesa imeshalipwa, kabla mtu yeyote hajajua upande ule wa Kibo umeamkaje.

Kule juu mawe yameshikwa na barafu. Usiku maji yaliyomo kwenye nyufa yanaganda, yanatanuka, yanayasukuma. Jua likianza kupiga ukingoni, barafu inalegea na mawe yanaachia. Na kadiri barafu ya mlima inavyopungua, ndivyo mawe mengine yanavyobaki bila kishikizo. Januari 2006 Wamarekani watatu walifia hapo, njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Septemba 2015 jiwe likaua mgeni mwingine.

Ndiyo maana wazoefu wanaondoka kambi ya Arrow Glacier usiku wa manane, wawe wameshavuka sehemu mbaya kabla jua halijashika. Mgeni akitapika, kikosi kikachelewa saa mbili tatu, safari ya siku hiyo imeisha. Hapo hakuna cha kujadiliana.

Halafu kuna wagumu, yaani wapagazi wetu. Mgeni anavalishwa helmeti, mwongozaji anayo, lakini kijana aliyebeba hema kichwani ataivalia wapi? Kumnunulia tu haitoshi. Mzigo wake, ambao kwa utaratibu haupaswi kuzidi kilo 20, uhamie mgongoni, kwenye begi lenye mikanda, ili kichwa kibaki huru. Jiwe halichagui nani kalipa na nani kaajiriwa.

Uswisi, msimu wa baridi, kila siku hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, kwa kiwango cha 1 hadi 5. Mtu anaisoma kabla hajatoka. Sisi shida yetu ni mawe zaidi kuliko theluji, lakini utaratibu wa aina hiyo tunaumudu. Vikosi vinavyopita Breach viwaambie askari wa hifadhi kwa redio walichokiona: mawe yameanguka wapi, saa ngapi, usiku kuliganda au hakukuganda. Taarifa hiyo imkute mwongozaji akiwa kwenye mwamba wa Lava Tower, maana pale bado ana njia mbili: kupanda Arrow Glacier, au kuteremka kambi ya Barranco na kwenda kileleni kupitia kambi ya Barafu.

Na mgeni ayajue haya mapema, kwa maandishi, kabla hajatoa hata senti: mwongozaji akisema tunapitia Barafu, tunapitia Barafu, na malipo ya mwongozaji huyo na ya wagumu wake hayaguswi.