Bia ya Moto

Mimi ni fundi wa mabasi, na hasa mambo ya upepo: breki, mitungi, mabaluni. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna gari la wazungu limelala ubavu kwenye nyumba moja ya wageni hapa Tabora, nilimwita spana boi wangu, tukabeba vifaa, tukaenda.

Gari lenyewe ni nyumba kamili: kitanda, choo, jiko, friji. Chini limebebwa na mabaluni manne ya mpira yanayojazwa upepo na kompresa. Ukiegesha kwenye mteremko unabonyeza swichi, kona hii inapanda, ile inashuka, mpaka nyumba ikae sawa. Hili lilikuwa limechuchumaa nyuma kushoto, na kompresa kila baada ya muda inakoroma kama mgonjwa wa pumu.

“Mwangaluka!” mwenye gari, mzee wa Kijerumani, akanisalimia. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na hapo ni saa kumi jioni.

Nilidhani shida yake ni kulala huku anateleza. Kumbe mzee analilia bia. Friji yake ni ya gesi; ndani yake amonia inazunguka kwa kuteremka yenyewe kwenye mabomba, kwa hiyo gari likiinama sana, baridi huioni. Tangu waende kuliona tembe la Kwihara, alilokaa Livingstone mwaka 1872, mzee wa watu anakunywa bia ya moto. Hapo nilimhurumia kwa dhati.

Chini ya mwembe watu wameshajaa, na kila mmoja fundi. Kijana wa bodaboda akasema springi imekatika. Gari halina springi! Mzee mmoja mwenye baraghashia na bakora akatoa lake: “Uzito umeegemea upande mmoja. Mwambieni huyo mama ahamie kulia.” Mama mwenyewe ni mwenye nyumba ya wageni, mwili ameujaliwa, na alikuwa ndani ya gari akimfundisha mke wa Mjerumani kupika maharage ya karanga. Dirisha lilikuwa wazi.

Sikuingia chini mpaka nilipotega magogo ya mninga kwenye chesisi, maana baluni likikata upepo ukiwa huko, habari yako inabaki kwa majirani. Nikamwambia kijana akoroge sabuni kidogo tupake kwenye viungo tutafute panapovuja. Akamimina pakiti nzima. Povu likafunika tairi, likatambaa uwanjani, na bodaboda tatu zikapanga foleni zikisubiri kuoshwa.

Mapovu yakachemka kwenye kiungo cha mpira wa upepo. Mpira ulikuwa umesuguana na chuma hadi ukachanika karibu na ncha. Nikakata kipande kibovu, mkato ulionyooka, nikausukuma mpira kwenye kiungo chake mpaka mwisho. Kushoto kukapanda, watu wakapiga makofi.

Sasa kulia ndiko kukawa juu, na kukagoma kushuka. Mjerumani anabonyeza, valvu inalia tak, upepo hautoki. Tukatoa gogo la upande huo, nikachungulia tundu la kutolea upepo: nyigu wameshajenga, udongo umekauka kabisa. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikachokonoa kutokea pembeni. Mjerumani naye ndani, bila kuambiwa, akabonyeza tena.

Pwaaaa! Udongo, watoto wa nyigu na povu, vyote vikamwishia spana boi mdomoni. Watu wakatawanyika wakijua tairi limepasuka. Bodaboda mmoja alikimbia kwa miguu, pikipiki akaiacha. Kona ya kulia ikashuka kwa mkupuo mmoja, na huko ndani tukasikia sufuria, kisha kishindo kizito zaidi ya sufuria.

Mlango ukafunguliwa. Mama akashuka taratibu, mwiko mkononi, kitenge kimejaa maharage.

“Nani alisema nihamie kulia?”

Mzee wa baraghashia akaninyooshea bakora.