Dakika Tano za Pepe kwa Kilo Tatu za Mchele

Mimi nauza mchele sokoni Morogoro, huu mwaka wa 18. Ukinitajia bei ya kitu chochote, kichwa changu kinaigeuza kwanza kuwa kilo, ndipo niamue kama nishtuke. Kwa hiyo yule binti wa kaunta ya michezo kule Dar aliponiambia kwa tabasamu zuri kabisa, "Elfu tisa, mzee wangu, dakika tano," mimi nilisikia kilo tatu. Kilo tatu, kichwa kimoja, dakika tano. Nyumbani kwangu kilo tatu zinashibisha familia, anakula na jirani aliyepita kwa bahati mbaya wakati wa chakula, na ukoko unabaki.

Lakini nianzie Juni, shule zilipofungwa. Nina watoto watatu. Wiki ya kwanza ya likizo walimaliza sukari, mkate na bando langu. Wiki ya pili mama yao akaniambia, "Wenzao wote wanapelekwa Dar." Huu ni mwaka wa nne nasikia habari za hao wenzao wote na sijawahi kuonyeshwa hata mmoja. Ila shemeji yangu anakaa Tabata, ana chumba cha wageni ambacho mgeni wa kudumu ni friji bovu, akasema njooni tutabanana. Tukaenda kubanana.

Tulipanda treni ya umeme pale Kihonda. Mtu mzima elfu 13, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Kifungua mimba wangu alitimiza 13 mwezi Machi. Machi! Angevumilia miezi mitatu tu, baba yake angeokoa kilo mbili na ushee. Treni ikaondoka, kile kioo cha mbele kikaandika mwendo: 120, 140, 160. Mimi nimeshika kiti, nasoma dua. Nikawageukia wanangu washuhudie maendeleo ya nchi yao. Mkubwa yuko kwenye simu. Wa kati amelala mdomo wazi, udenda unashuka kwenye shati jipya. Kitindamimba peke yake ndiye alikuwa dirishani, anahesabu ng'ombe. Lishikeni hilo la treni, nitalirudia.

Mpango wangu wa Dar ulikuwa Coco Beach. Bahari haina kaunta. Unafika, watoto wanalowa, unawanunulia mihogo ya kukaanga na pilipili, jua likizama mnarudi wote mna mchanga masikioni mkisema tumestarehe. Mpango huo uliuawa mezani usiku wa kwanza na mtoto wa shemeji, kijana wa kidato cha pili, aliyesema bila hata kuacha kutafuna, "Coco si wanaenda watu wa mikoani."

Niliwaona wanangu wakitazamana. Watu wa mikoani wameambiwa wao ni watu wa mikoani.

"Anko, kuna sehemu ya VR," kijana akaendelea. Nikauliza VR ni kitu gani. Mkubwa wangu akanijibu kwa ile sauti wanayotumia watoto wa siku hizi kumfundisha mzazi, "Uhalisia pepe, baba. Unavaa miwani, unaona uko mahali ambapo haupo."

Nilicheka mpaka shemeji akadhani nimepaliwa. Pepe! Jamani, sisi watu wa mpunga pepe tunaijua. Ni ile punje ambayo kwa nje ni mpunga kamili, ina ganda, ina rangi, ukiipuliza inaruka kwa sababu ndani hamna kitu. Mimi natafuta riziki kwa kukataa pepe. Sasa Dar wameifungulia duka.

Kesho yake tukaenda. Daladala, kisha bajaji mbili kwa sababu tulikuwa saba, halafu jengo kubwa la maduka lenye ngazi zinazotembea zenyewe, ambapo kitindamimba alipanda na kushuka mara nne kwa furaha tele. Nikamwambia mama yake, tungeishia hapa hapa. Hizi ngazi ni bure. Akanitazama lile jicho.

Huko ndani kuna baridi ya machinjioni. Taa za zambarau, kelele za kila mashine kwa wimbo wake, watoto wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Ukishangaa pale mlangoni ndiyo wanakuuzia kadi. Kadi tupu, elfu tano.

"Ina kitu ndani?" nikauliza.

"Hapana, mzee wangu. Ukishanunua kadi ndiyo unaweka hela."

"Kwa hiyo nanunua pochi kwenu, halafu hela zangu naziweka kwenye pochi yenu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Zikibaki nazitoaje?"

"Hazitoki, mzee wangu. Unakuja kuzimalizia siku nyingine."

Siku nyingine! Natokea Morogoro nije nimalizie elfu mbili! Nikalipa kwa simu, na mtandao ukakata makato yake, maana naye alikuwa hajafaidi. Jumla ya watoto wangu watatu elfu 27, kilo tisa. Na mtoto wa shemeji je? Ndiye aliyetuleta, utamwacha amesimama? Kilo 12. Hapo pochi ya plastiki sijaihesabu.

Kwenye foleni mkubwa wangu akaanza kunisomea kutoka simuni historia ya hiyo miwani, nadhani alitaka nione thamani ya pesa. Akasema mwaka 1968 huko Marekani mwalimu mmoja wa chuo, Ivan Sutherland, alitengeneza ya kuvaa kichwani, nzito kiasi kwamba ilibidi ining'inizwe darini. Nikapiga hesabu: 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Baba yangu yuko Matombo anahimizwa kulima, wenzetu wananing'iniza miwani. Akaendelea kwamba mwaka 2014 Facebook walinunua kampuni moja ya miwani hiyo kwa dola kama bilioni 2. Hapo kichwa changu kilijaribu kugeuza kilo kikashindwa. Ile kampuni ingekuwa mchele, ingelisha mpaka kuku wa Afrika Mashariki.

Zamu yetu ikafika. Kijana mhudumu akawapima watoto kwa macho, akamwinamia kitindamimba. "Huyu ana miaka mingapi?"

"Saba," akajibu mwenyewe kwa fahari. Laiti angemwachia baba yake swali lile.

"Samahani, mzee. Wenye miwani wanasema chini ya miaka 10 asivae."

Sasa hilo si lingesemwa kaunta, kabla ya pochi? Binti wa kaunta alimwona, hata alimsifia nywele! Nikaomba elfu tisa yangu. Ikishaingia haitoki. Kitindamimba naye alipoelewa kilichotokea akaanza kilio kile cha kuanzia chini, kinachopanda taratibu kama maji ya kisima. Mama yake akamnunulia bisi za elfu nne ili anyamaze. Tayari nimepoteza kilo tatu na sasa nalipia kilo nyingine na ushee za kufidia machungu ya zile za kwanza.

Wale wengine wakavaa. Niseme kweli, mtu aliyevaa kile kidude, ukimtazama kwa nje, unatamani kumwita shehe amsomee. Wa kati wangu alikuwa anapapasa hewa, anacheka, ananyoosha mkono kumbembeleza mtu asiyekuwepo. Kuna runinga pembeni inayoonyesha kile anachokiona. Nikatazama. Tembo. Mtoto wangu amelipiwa kilo tatu za mchele aone tembo.

Wasomaji wangu, barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi. Ukipanda basi Morogoro, kabla soda haijaisha ubaridi unapishana na twiga, nyani wanakaa kando ya lami kama wanangoja chenji kwa kondakta, na tembo wale wa kweli, wenye harufu. Bure. Gharama inakuja ukimgonga tu, kuna bango kabisa la faini, kila mnyama na bei yake. Mwaka jana niliwapitisha pale hawa hawa, nikasema "Tembo yule!" Wa kati akasema, "Tumeshamwona, baba," akafunga macho.

Na mkubwa alichagua nini? Treni. Treni ya miwani inayoshuka milimani. Alipiga kelele hizo, ameshika kiti, miguu juu, anamwita mama yake! Jana amekimbizwa 160 ya kweli na hakunyanyua hata shingo, leo kiti kimefungwa kwa misumari sakafuni, anamwaga machozi ya hofu. Nikajisemea ningewafunga vitambaa machoni Kihonda, ningekusanya elfu tisa kila mmoja.

Ikabaki ile zamu ya kitindamimba. "Mzee, ingia wewe, isipotee," mhudumu akanishauri. Mimi sikuwa na hamu hata kidogo. Lakini kilo tatu zinaning'inia hewani na hazina mwenyewe. Nikavua kofia. Akanipa kikaratasi cha kuvaa machoni kama barakoa iliyopotea njia, kwa sababu ile miwani imetoka kwenye jasho la watu wote wa Dar. Nyumbani nawakataza wanangu kuazimana kofia.

Akaniambia mchezo wangu ni mwepesi, wa kutembea juu ya ubao tu. Na ubao wenyewe niliuona kabla sijavaa: mbao ya kawaida, imelazwa kwenye zulia, unene wake vidole viwili. Nikacheka moyoni. Mimi nimekulia Uluguru. Shuleni tulikuwa tunavuka mto kwa gogo moja, wakati wa masika, gogo limeota ukungu, na madaftari kichwani.

Akanivika. Lifti ikanipandisha. Mlango ukafunguka, nikaona ndege wanapita chini yangu.

Chini, jamani. Magari kule barabarani yalikuwa kama punje za dengu. Upepo ukanipiga usoni, baadaye nikaambiwa lilikuwa feni. Akili inaniambia uko dukani, sakafu hiyo hapo, umelipa kwa pesa yako. Magoti yakasema hatujui habari hizo. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini hawakumfikiria mtu ambaye hata kupanda hajapanda, yupo kwenye zulia. Nikapiga hatua moja. Ya pili nikaipiga kwa magoti. Ya tatu niliimalizia kwa tumbo, nimeikumbatia ile mbao kama mkwe aliyerudi na mahari. Nasikia mhudumu anasema kwa mbali, "Mzee, simama tu, hakuna kitu." Nikamwambia hakuna kitu ndiyo shida yenyewe, kijana, naona hakuna kitu mpaka chini!

Nilipovuliwa ile miwani, nililala pale pale nikiitazama sakafu kwa mapenzi. Kisha tumbo likaanza. Mhudumu akanieleza vizuri, kwa subira, nadhani anawaeleza wazee wengi: macho yanasema unakwenda, lakini ndani ya sikio kuna maji maji ya kupimia mwendo, na hayo yanasema umekaa pale pale. Ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana, tumbo linachafuka. Nikamwambia naielewa hali hiyo, nina ndoa ya miaka 15. Mama watoto alikuwa nyuma yangu. Sikumwona, miwani ilikuwa imeniharibia macho.

Tukamalizia salio kwenye zile mashine za kutupa mpira zinazotema vitiketi. Watoto wakakusanya tiketi, wakajaza mfuko wa bisi, wakazipeleka kwa heshima zote kwenye kabati la zawadi. Mpira wa miguu ulikuwa tiketi elfu kadhaa. Sisi za kwetu zilitosha kifutio kimoja, cha umbo la nanasi. Kilipasuka kwenye bajaji.

Jioni nilidhani yamekwisha. Kumbe mtoto wa shemeji alirekodi, akamtumia mama watoto, mama watoto akaweka status. Mimi, kifudifudi kwenye zulia, nimekumbatia mbao, nalia "Mwambieni lifti arudi!" Soko zima la Morogoro lilitazama kabla sijafika Kihonda.

Wiki ile ile mkulima mmoja wa Dakawa aliniletea mpunga, gunia tano. Nikafungua la kwanza, nikazamisha mkono, nikachota kiganja, nikapuliza kama siku zote. Nusu ikaruka.

"Bwana, huu umejaa pepe. Bei hiyo sitoi."

Hakubishana. Alitoa simu mfukoni, akafungua, akanigeuzia kioo. Nikajiona.

"Za Dar ulilipa elfu tisa, ukatambaa nazo," akasema. "Zangu unazipata umesimama."

Nikamlipa.