Aliandikwa kaka

Mtaani kwetu waliitwa "wale ndugu". Hakuna aliyeamini kuwa ni ndugu. Mmoja alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, mwingine Mtaliano mfupi mwenye nyusi nene. Lakini jina lilikaa. Kwa miaka 17 niliwashikia funguo, nikawapikia, nikawagombeza kwa kuacha maembe yaoze jikoni, na sikumsikia jirani hata mmoja akichimba zaidi ya hapo. Muuza samaki alijua. Imamu wetu nadhani alijua. Mimi niliyetandika vitanda ndiye niliyejua kuliko wote, maana kile cha chumba cha pili shuka zake nilikuwa nikizifua kwa sababu ya vumbi tu.

Sisi watu wa Pwani tuna neno la mambo haya: stara. Mtu akilisitiri lake, nawe humfunui. Utamsengenya kidogo barazani, hilo halikosekani, lakini mlango wake huugongi. Nimelelewa ndani ya neno hilo na nalipenda. Ila lina mahali linapokomea, na mimi nilipaona, mbele ya dirisha la mapokezi ya hospitali fulani hapa Malindi, mwaka 2021.

Mwingereza alianguka bafuni saa nne usiku. Tulimpakia kwenye tuktuk, kichwa mapajani kwa mwenzake, miguu ikining'inia nje. Karani wa zamu alikuwa kijana mpole, ana fomu yake na kalamu ya kamba.

"Ndugu wa karibu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," akasema Mtaliano.

"Wewe ni nani wake?"

Mzee yule Kiswahili alikijua vizuri, cha sokoni kabisa, na matusi yake. Lakini pale alinyamaza mpaka nikasikia feni. Halafu akasema, "Rafiki."

Kijana akaweka kalamu chini. "Mzee, rafiki hatii sahihi hapa. Tunataka ndugu."

Walikuwa pamoja tangu 1971. Miaka 50, na mtu anaambiwa hana nafasi ya kuandikwa. Nikajiingiza. "Huyu ni kaka yake, mwanangu. Amechanganyikiwa tu, si waona hali yenyewe."

Karani akamtazama huyu, akamtazama yule aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu. Aliona, najua aliona. Akaandika KAKA kwa herufi kubwa, akaigeuza fomu itiwe sahihi.

Mwenyezi Mungu amjalie kijana yule. Hiyo ndiyo stara ikifanya kazi yake vizuri kabisa. Kaka wa fomu alikaa kando ya kitanda siku tisa, akamlisha uji kwa kijiko, akagombana na manesi kuhusu dirisha. Siku ya kumi ukaka ukaisha, kwa sababu mochari na ubalozi hawasomi fomu ya mapokezi. Wao wanataka pasipoti na jina la ukoo.

Nirudi nyuma kidogo, maana watu wengi huniuliza: wazee kama wale walifuata nini huku?

Mwingereza alizaliwa 1942. Uingereza na Wales hawakuacha kuwafunga wanaume kwa jambo hili la mwanamume kulala na mwanamume mpaka 1967, na hata hapo ni kwa waliotimiza miaka 21 na ndani ya nyumba zao tu. Scotland walingoja zaidi ya miaka kumi mingine. Kwa hiyo mpaka anafika miaka 25, mapenzi kwake yalikuwa kesi. Kuna rafiki yake aliyepoteza kazi ya ualimu. Hilo alilisema mara moja tu, tukiwa tunachambua choroko, na hakulirudia. Akakimbilia Milano kwa kazi, akampata mwenzake. Wataliano jela hawakuwa nayo, lakini mama wa Mtaliano alikuwa mkali kuliko jela.

Malindi walikuja mara ya kwanza kama watalii miaka ya themanini, mji ukiwa umeshaanza kunukia kahawa ya Kitaliano. Na unajua kilichowavuta? Si bahari. Mtaliano alinisimulia: siku ya pili walikuwa wamekaa karibu na soko la zamani, wakaona wanaume wawili watu wazima, kanzu na kofia, wanatembea wameshikana mikono, wanazungumza bei ya nazi. Wakapita wengine wawili hivyo hivyo. Wao Milano walikuwa hawajawahi kushikana mkono barabarani hata siku moja. Jioni ile wakajaribu, kutoka msikitini mpaka ufukweni. Hakuna aliyegeuka. Nilimwambia, mzee, wale ni marafiki tu, ndiyo desturi yetu. Akasema, "Najua. Na sisi tulikuwa marafiki."

Sasa kichekesho chenyewe. Sheria aliyoikimbia Mwingereza kwao ndiyo aliyoikuta huku ikimngoja, imeletwa na babu zake. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, jela hadi miaka 14, ni mali ya mkoloni. Mahakama Kuu iliulizwa ikifute na Mei 2019 ikakataa. Wazee walisikiliza habari ile redioni, wakaizima, wakaendelea na karata. Hawakuwahi kusumbuliwa na polisi, nami sitasingizia. Lakini Februari 2010, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili ulipozuka kule Mtwapa, umati ulitoka kusaka watu, na wiki nzima ile hapa nyumbani hawakutoka hata kununua mkate. Nilijua hapo kwamba walikuwa wakihesabu kila siku, kimya kimya, ukarimu wetu umebaki kiasi gani.

Wangeweza kwenda kwingine. Hispania ilishawaruhusu wanaume kuoana tangu 2005. Berlin kuna jumba lililofunguliwa 2012 kwa ajili ya wazee wa namna yao hasa, na mpwa wa rafiki aliwaletea picha. Mtaliano akavaa miwani, akatazama, akasema hawezi kufa akisikia Kijerumani. Na miji ya starehe ya wenzao aliipa jina: "miji ya vifua". Huko, alisema, ukifika miaka 60 unageuka kioo, watu wanatazama kupitia kwako kumwona aliye nyuma. Malindi angalau aliamkiwa shikamoo.

Kuhamia huku nako si lelemama. Kibali cha daraja K, ambacho ndicho cha mstaafu mgeni, kinataka uwe na miaka 35 au zaidi na uthibitishe kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na kazi ya mshahara usiguse. Pensheni ya serikali ya Uingereza, ukihamia Kenya, haiongezwi tena: ile uliyoanza kuipokea ukiwa huku ndiyo hiyo hiyo mpaka kufa. Yake ilianza 2007. Sukari ya 2007 na ya 2021 mnazijua wenyewe.

Na ardhi, mgeni hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Nyumba waliinunua 2004 kwa jina moja, la Mwingereza, kwa kuwa dalali alisema majina mawili ya kiume yataleta maswali. Maswali ya nani? Hakuna aliyeuliza. Walipotaka kurekebisha baadaye wakakuta sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 imesema umiliki wa pamoja, ule ambao mmoja akifa mwenzake anabaki na yote, ni wa mume na mke, wengine waende kwanza mahakamani kuomba ruhusa. Italia walikuwa wamewasajili: sheria ya 2016 iliruhusu wawili kama wao waandikishwe kuwa wenza, nao wakaenda 2017, wakarudi na cheti kilichopigwa mihuri mpaka maandishi hayaonekani. Cheti kile kilikaa Malindi kwenye droo ya vijiko. Huku hakina kazi; Katiba yetu, kifungu cha 45, inajua ndoa ya mwanamume na mwanamke basi.

Kulikuwa na dawa moja, tena rahisi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya haimuulizi mtu analala na nani. Andika umpe umtakaye, tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, wasiwe miongoni mwa unaowapa, imekwisha. Mwingereza alikuwa akisema "kesho" tangu mwaka tuliopanda mdimu, na mdimu ule umezaa mara ngapi. Nadhani aliogopa kuandika sentensi yenyewe. Mtu aliyezoea kufichwa na wengine mwisho hujificha na kwa kalamu yake.

Basi alikufa bila wosia, na sheria ikashika njia yake: mke hakuna, mtoto hakuna, wazazi marehemu, ndugu yake marehemu, wa kurithi ni mtoto wa ndugu. Rafiki hamo kwenye orodha, wala kwenye ile ya wategemezi. Ardhi ikiwa Kenya, hata ufie wapi, hufuata sheria ya Kenya.

Mpwa akaja. Nilitamani awe mtu mbaya ili nimchukie vizuri, lakini alikuwa na adabu. Alikuwa hajamwona mjomba wake zaidi ya mara tatu. Alizunguka na daftari, akahesabu viti, feni, jenereta. Akafika kwenye kiti cha enzi walichonunua Lamu, akauliza ni cha nani. Mtaliano alikuwa amekikalia. Akainuka, akakipangusa vumbi kwa mkono, akasema, "Cha nyumba." Akaondoka na mabegi mawili na radio. Sasa anakaa kwa dada yake karibu na Bergamo, hunitumia sauti kwa simu, Kiswahili kinaanza kumchakaa, anauliza mdimu.

Najua watakaosema: wewe mama unatupambia, hao wazee wa Kizungu tunawajua. Tunawajua, ndiyo. Wapo wanaokuja kutafuta vijana, wanawanunulia pikipiki, na wapo vijana wanaomla mzee mpaka mfupa halafu wanamtisha kumpeleka polisi. Wapo wabaya kuliko hao, wanaotaka watoto, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, aliyemgusa afungwe, awe Mtaliano awe Mgiriama, amguse wa kike au wa kiume. Hapo sina stara. Lakini tuseme kweli yote. Mzee wa miaka 70 na binti wa 22 wanapita barabara ya Casuarina kila jioni, wanakula aiskrimu, na hatusemi neno. Hawa wangu walizeeka pamoja, mmoja akimpaka mwenzake mafuta ya mgongo. Nilipotaja kuwaombea dua ndipo watu wakakumbuka dini.

Na kuna wa kwetu, ambao hawana pasipoti ya kukimbilia popote. Neno lenyewe tunalowaitia ni shida: mimi na wenzangu wa kike tunaitana "shoga" kutwa nzima kwa mapenzi, na neno hilo hilo akirushiwa mwanamume ni jiwe. Yuko mzee mmoja mshonaji wa kofia, mkubwa wangu, nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike. Hakuoa. Mama yake alipofariki alibaki kwenye nyumba ya familia, watoto wa dada zake wanamwita mjomba, wanampelekea chakula, akiugua wanagombania zamu. Kwa miaka mingi nilimlinganisha na wazee wangu nikaona dunia imegawa vibaya: wale walikuwa na mwenza bila ndugu, huyu ana ndugu tele na mwenza hakuwahi. Nilijiona nina akili kwa kuwaza hivyo.

Mwezi uliopita aliniita. Alikuwa amesikia kisa cha nyumba, kama mji mzima. Akauliza ule wosia, lazima wakili? Nikamwambia yeye ni Mwislamu, mambo yake ni kwa Kadhi, na anachoweza kumwachia asiye mrithi hakipiti theluthi ya mali. Akatazama chumbani kama mtu anayepiga hesabu. Kitanda, sanduku la mvule, fungu lake la nyumba ya mama. Cherehani.

"Cherehani inapita theluthi?"

"Sidhani. Tutauliza."

"Na Kadhi akiuliza namwachia nani?"

"Nawe unamwachia nani, kaka?"

Akakata uzi kwa meno, akaigeuza kofia upande wa pili. "Mwanagenzi wangu," akasema.

Mwanagenzi mwenyewe namjua. Huja kila siku baada ya alasiri, tangu mimi msichana. Ana miaka 66.