Kentucky haikosi warefu, inakosa senta aliyekomaa

Tarehe 5 Desemba 2025, mjini Nashville, katika mpira wa kikapu wa vyuo, Gonzaga waliichapa Kentucky 94 kwa 59, na mashabiki wa Kentucky waliokuja kwa wingi wakaizomea timu yao wenyewe. Kocha Mark Pope hakujitetea. Alisema zomeazomea ile ilistahili, na kwamba yeye ndiye aliyestahili sehemu kubwa yake. Nakubaliana naye. Tofauti ya pointi 35 haiwi bahati mbaya.

Tangu usiku ule, kila ninapokutana na wenzangu hapa Lexington, mji wa chuo cha Kentucky, nasikia kilio kimoja: wachezaji wetu wa ndani ni laini, tuleteeni mtu mrefu zaidi. Nusu ya kwanza ya kilio hicho ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayotupoteza, na imetupoteza kwa miaka mingi.

Mtazame aliyetuumiza. Graham Ike, senta wa Gonzaga, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, alimaliza mchezo na pointi 28. Urefu wake ni mita 2.06 hivi, na kwetu wapo vijana wanaomzidi. Malachi Moreno ana mita 2.13. Kimo hakikumsaidia, kwa sababu Ike alikuwa ameshafika mahali anapopataka kabla pasi haijatoka mkononi mwa gadi, yule anayeuleta mpira kutoka nje, akiwa amempa mtu wake mgongo na miguu imekita sakafuni. Mpira ukimfikia hapo, kazi iliyobaki ni ndogo. Sasa tazama na umri wake wa mpira: Ike alianza kuchezea chuo mwaka 2020 akiwa Wyoming, akaumia, akahamia Gonzaga, na usiku ule alipambana na kijana aliyemaliza sekondari majira ya joto ya mwaka ule ule. Na hatukukutana naye kwa mara ya kwanza. Februari 2024 alikuwa na Gonzaga walipotufunga 89 kwa 85 ndani ya Rupp Arena, uwanja wetu wenyewe.

Kwa msomaji asiyeifuata timu hii: Chuo Kikuu cha Kentucky kimetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara nane, na jimbo hili halina timu ya NBA. Kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya kila mtu, kuanzia mkulima wa tumbaku hadi daktari. Sisi Waswahili wa Lexington, ambao wengi wetu tumetoka Kongo, tuliingia katika mapenzi haya kwa mlango wetu wenyewe. Mlango huo unaitwa Oscar Tshiebwe.

Oscar ni mtoto wa Lubumbashi. Alikuja Marekani akiwa kijana, akasoma sekondari Virginia na Pennsylvania, akaanza chuo West Virginia, kisha akahamia Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mchezo (ribaundi ni kudaka mpira uliokosa kikapu), akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote nchini. Desemba 2021, dhidi ya Western Kentucky, alichukua ribaundi 28 katika mchezo mmoja. Urefu wake? Mita 2.06, sawa na Ike.

Watu walidhani ana kipaji cha kuruka. Sivyo. Nilichokiona kila wiki ni mtu aliyekuwa akianza kazi mapema kuliko wengine. Mpira ukiwa bado hewani, wengine wakiutazama, Oscar alikuwa ameshamsukuma mtu wake hatua mbili nje kwa nyonga. Ribaundi ni kama kugombea mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni: anayeingia ni yule aliyekisia mlango utasimama wapi akawahi kusimama hapo, na kimo chake hakina habari. Kukisia huko hakuji kwa kuzaliwa. Kunatokana na kuona mipira maelfu ikigonga ringi, mtupo wa kona ukiangukia upande wa pili, mtupo mfupi ukirudi mbele. Tena lazima miguu na kiuno viwe na nguvu ya kushikilia nafasi hiyo ukisukumwa na mtu mwenye kilo 115. Mwili wa miaka kumi na minane mara nyingi haujafika huko, hata ukiwa mrefu kama mlingoti wa bendera.

Hapa ndipo ninapowalaumu mashabiki wenzangu. Anthony Davis alituharibu. Mwaka 2012, akiwa mwaka wa kwanza tu, alitupa ubingwa wa nane. Kwenye fainali tulipoifunga Kansas 67 kwa 59 alipata kikapu kimoja tu katika mitupo kumi, pointi sita kwa jumla, na bado akatangazwa mchezaji bora, kwa ribaundi 16, mitupo sita aliyoizuia na pasi tano za vikapu. Nadhani hakuna mchezo unaoonyesha vizuri kuliko huo thamani ya senta hata asipofunga. Kabla yake tulikuwa na DeMarcus Cousins, baada yake Karl-Anthony Towns, nao walikaa mwaka mmoja mmoja. Watatu hao walitufundisha somo baya: kwamba senta ni kitu unachokiagiza kila majira ya joto, kinafika kikiwa tayari, kinaondoka, unaagiza kingine. Vijana wa aina ile wanazaliwa mara chache sana. Tukageuza bahati kuwa mpango wa timu.

Mpango huo ulianguka mbele ya macho yetu msimu wa 2023-24. Oscar ameondoka, na kocha wa wakati ule, John Calipari, akatuahidi si senta mmoja, bali watatu: Aaron Bradshaw, Ugonna Onyenso wa Nigeria, na Zvonimir Ivišić wa Kroatia. Hakuna aliyepungua mita 2.13. Jinsi tulivyojigamba! Bradshaw na Onyenso wakaanza msimu wakiwa na majeraha ya mguu. Ivišić akasubiri ruhusa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, hadi tarehe 20 Januari. Siku hiyo hiyo akaingia dhidi ya Georgia, akafunga pointi 13, akatupa mipira ya pointi tatu kana kwamba ni gadi, na uwanja mzima ukapagawa, mimi nikiwamo. Onyenso naye alikuwa na usiku mmoja wa ajabu dhidi ya Ole Miss, alipozuia mitupo kumi.

Usiku mmoja mmoja, basi. Timu ilikuwa inafunga karibu pointi 89 kwa mchezo, na Reed Sheppard, Rob Dillingham na Antonio Reeves walikuwa raha kuwatazama, lakini wapinzani walipita chini ya kikapu chetu wakati wowote walipotaka. Florida, Tennessee na Gonzaga walitufunga mfululizo ndani ya Rupp Arena, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika uwanja ule. Februari kule Baton Rouge, tukiongoza kwa pointi moja, mtupo wa wenyeji wetu, chuo cha LSU, ulikosa, mpira ukazagaa mbele ya kikapu, na Tyrell Ward akaufunga kengele ikilia. Tukapoteza 75 kwa 74. Watu wanakumbuka kikapu kile kama bahati mbaya. Mimi nakikumbuka kama mpira ambao ulikuwa na kila sababu ya kuangukia mikononi mwa mtu wetu.

Mwisho wake kila mtu anaujua: Machi 2024, Oakland, chuo ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukitazama, wakatutoa raundi ya kwanza ya mashindano ya ubingwa 80 kwa 76. Jack Gohlke wao alifunga mipira kumi ya pointi tatu. Mtu ataniuliza senta anahusikaje na mtupaji wa mbali. Anahusika sana. Gohlke alikuwa akikimbia akizunguka migongo ya wenzake waliomwekea skrini, yaani waliosimama kumzibia njia mlinzi wake, na kila mara senta wetu alipaswa kuamua kwa kufumba na kufumbua: nitoke nimfuate, au nibaki ndani? Ukichelewa kidogo tu, mpira umeshatoka. Uamuzi ule ni kazi ya mtu aliyekwisha kuufanya mara nyingi, akakosea, akakosolewa, akaurudia. Wetu walikuwa bado na uzoefu mdogo.

Baada ya hapo Bradshaw alikwenda Ohio State, Onyenso Kansas State, Ivišić akamfuata Calipari Arkansas. Yaani yale makosa tuliyoyavumilia, faida yake wakaivuna wengine.

Nimetukanwa kwa kusema haya, nikaambiwa: Oscar wako mwenyewe alishinda nini? Swali hilo ni la haki, na linaniuma. Machi 2022 Saint Peter's walitutoa 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza, na Oscar siku hiyo alikuwa na pointi 30 na ribaundi 16. Mwaka uliofuata alichukua ribaundi 25 tulipoifunga Providence, kisha Kansas State wakatutoa ingawa alifunga 25 na kuchukua ribaundi 18. Miaka miwili, ushindi mmoja tu katika mashindano ya Machi ya ubingwa wa nchi. Na ni kweli kwamba magadi wepesi walimsumbua kila walipomvuta mbali na kikapu. Senta mmoja hatoshi, sijawahi kudai anatosha. Lakini tazama takwimu hizo tena. Katika michezo yote mitatu mtu wa mwisho wa kulaumiwa alikuwa yeye. Aliwapa wenzake nafasi ya pili na ya tatu, wakazitupa.

Na walioujenga mchezo wao ndani kwa subira wamefika mbali. Adama Sanogo, mtoto wa Bamako, alikuwa mwaka wake wa tatu UConn alipotwaa ubingwa wa 2023 na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Zach Edey alipofika Purdue alikuwa akianzia benchi, akifunga pointi 8.7 kwa mchezo. Wako waliomcheka kwa uzito wa miguu yake. Mwaka wa nne alikuwa na wastani wa 25.2, mchezaji bora wa nchi kwa mara ya pili mfululizo, na akaipeleka Purdue fainali ya 2024, ambako alifunga 37 hata katika kushindwa. Najiuliza mara nyingi: Edey yule wa mwaka wa kwanza angekuwa Lexington, tungemvumilia? Tungemwita laini kabla ya Krismasi, na kufikia Aprili angekuwa ameshahama.

Pope analijua hili kuliko mimi, maana alicheza ndani mwenyewe na ni mmoja wa mabingwa wa 1996. Msimu wake wa kwanza alimleta Amari Williams, Mwingereza wa Nottingham aliyekuwa amecheza miaka minne Drexel. Kijana yule alikuwa akichukua ribaundi na kuuleta mpira mbele mwenyewe, akiwapa wenzake pasi kutoka juu ya duara, na timu ikafika kumi na sita bora. Mashabiki walilalamika kuwa anakosa vikapu vya karibu. Alivikosa kweli, vingine vya kuumiza roho. Lakini alikuwa mtu mzima wa mpira, na tulimpata kwa mwaka mmoja tu kwa sababu muda wake wa chuo ulikuwa umekwisha. Msimu wa 2025-26 tegemeo lilikuwa Jayden Quaintance, kutoka Arizona State, ambaye goti lake lilikuwa bado halijapona usiku ule wa Nashville. Tena tuliagiza, tena tukasubiri.

Siku hizi kumbakiza kijana ni kugumu, hilo nalikubali. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji. Fedha ipo Kentucky, tena nyingi. Ombi langu ni kwamba itumike pia kumshika aliyepo, si kila Aprili kuwinda mgeni mrefu zaidi.

Aliyepo ni Moreno. Amezaliwa na kukulia hapa hapa, ametoka Georgetown, mji ulio jirani kabisa na Lexington, na alichaguliwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo zima. Ana mikono mizuri na anaona pasi. Kiuno bado hakijapata nguvu, na Ike alimwonyesha hivyo mbele ya umati. Atasukumwa tena na majitu ya SEC, ligi yetu, mara nyingi tu, na baadhi yetu watamwandikia maneno ambayo hawawezi kumwambia mtoto wao mwenyewe. Naomba tusifanye hivyo. Kelele zetu tuwapelekee wanaopanga kikosi na wanaoandika mikataba: mpeni dakika zake hata usiku anapozidiwa, mpeni kocha wa kumfundisha kusimama kabla ya kumfundisha kuruka, na ikifika masika mlipeni abaki. Mwaka wa pili. Kisha wa tatu.

Na kwa Wakongo wenzangu mnaosema hamtaitazama tena timu hii hadi aje Oscar mwingine: Oscar alipofika Kentucky alikuwa tayari ameshacheza West Virginia msimu mzima na sehemu ya mwingine. Wapo watu kule Morgantown, mji wa chuo hicho, waliomvumilia akijifunza.