Tausi na Mercedes ya mjomba

Mjomba aliponikabidhi ufunguo wa Mercedes yake nyeusi hakuwa na maneno mengi. "Mjomba, gari hili likirudi na mkwaruzo, wewe usirudi."

Nilikuwa nampeleka binamu yangu kuolewa huko Karen, mtaa wa Nairobi, kwenye jumba la enzi ya mkoloni linalokodishwa kwa sherehe. Si lile la Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, lililojengwa 1912, ambalo Denmark iliizawadia Kenya wakati wa uhuru na tangu 1986 ni makumbusho. Ukitaja Karen na nyumba ya zamani, kila mtu hudhani ni hilo. Letu lina kuta za mawe, paa la vigae, na nyasi ambazo unaona haya kuzikanyaga. Na masharti, karatasi nzima! Usipigilie msumari ukutani. Usisogeze samani za ndani. Usiwabughudhi ndege. Hilo la mwisho nilicheka.

Kosa nililifanyia Dagoretti Corner. Niliwaambia vijana wa kuosha magari waipige nta mpaka nijione. Wakaipiga. Nilifunga tai nikijitazama mlangoni, hata kipande cha sukumawiki nikakitoa menoni.

Tulipofika, shangazi zangu waliotoka Mombasa walimpokea bibi harusi kwa vigelegele: "Tausi wetu huyo! Tausi kaja!" Kumbe mwenye jina yuko nyuma ya michongoma, anasikia.

Akatoka. Dume, mkia unaburuzika kwenye kokoto kama shela. Akafika penye gari, akasimama, akapinda shingo. Mlangoni kuna dume mwenzake, mzuri vilevile, tena anamkodolea macho. Akatandaza mkia. Yule naye akatandaza. Sasa hapo nani angevumilia?

Ngo! Ngo! Ngo! Mdomo kwenye rangi ya mjomba.

Nilikimbia nikipiga "shii!" kama ninayefukuza kuku. Soja akanishika mkono, kwa adabu zote.

"Bosi, ile karatasi ulisoma?"

"Anakula gari!"

"Yeye ni wa hapa. Wewe ndio mgeni."

Nikaliondoa gari, nikaliegesha upande wa pili wa jumba. Tausi akazunguka kwa miguu, bila haraka, kama anayejua njia ya mkato.

Aliyeniokoa ni Shangazi Mkubwa. Alijitandua leso begani, akaifunga mlangoni, fundo huku, fundo kule. Maandishi yakakaa sawasawa mbele ya ndege: *Hasidi hana sababu*. Tausi akaduwaa. Kisha akakumbuka kuwa gari lina milango minne.

Dakika kumi baadaye kila shangazi alikuwa amechangia leso yake, na Mercedes imejitanda kuliko mama mkwe. Kasoro magurudumu tu, na hayo akayapiga mpaka akachoka.

Mjomba alifika wakati wa pilau. Akaliona gari, akasimama, mikono kiunoni. Moyo wangu ukashuka hadi viatuni.

"Mmelipamba!" akasema. Akalizunguka akicheza chakacha, akisoma leso moja baada ya nyingine, akataka apigwe picha kila upande. Mimi natabasamu, jasho linanitiririka mgongoni.

Basi ningekuwa nimepona, ila shangazi walikuwa warudi kwa treni ya usiku, na ndani ya treni ile kuna baridi ya kiyoyozi. Shangazi Mkubwa akaja, akamsalimu mjomba vizuri, akainama, akaanza kufungua fundo.