Kamati Ikininyima, Initazame Usoni

Kila Desemba kuna Jumapili moja huku Marekani ambayo hunifurahisha na kuniuma kwa wakati mmoja. Msimu wa kawaida wa mpira wa Kimarekani wa vyuo umeisha, na mwenyekiti wa kamati ya uteuzi anakaa mbele ya kamera aeleze kwa nini timu hii imeingia kwenye mchujo wa ubingwa na ile imeachwa. Suti, tai, kidude cha kusikilizia sikioni. Mtangazaji hapotezi muda kwa salamu: kwa nini hawa, na si wale? Mzee wa watu anajibu. Mtangazaji hajaridhika, anamrudia. Anajibu tena, safari hii anameza mate kwanza. Na mimi hapa Columbus, Ohio, badala ya kuwaza timu za huku, nawaza Bodi yetu ya Ligi kule Tanzania.

Sasa kabla hamjanivamia kwamba nimeshakuwa Mmarekani, sikilizeni. Mfumo wao wa kupata timu za mwisho ni mbovu kuliko wetu, na nalisema hilo kwa sauti hata kazini. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu inacheza na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, mwenye pointi nyingi anabeba kombe. Mtoto wa darasa la tatu anausoma msimamo na kukwambia nani bingwa. Hawa wana timu zaidi ya 130 za daraja la juu, na kila moja inacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za makundi yao, wanayoyaita konferensi. Timu ya Ohio na timu ya Texas zinaweza kukaa miaka bila kukutana. Hakuna msimamo mmoja unaoweza kuzipanga zote, na ndiyo maana wanakaa watu 13 chumbani na kuamua kwa maoni yao nani bora.

Maoni! Katika nchi inayopima kila kitu. Wengi wa hao 13 ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makocha wastaafu. Kamati ilipoanza hata Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje, alikuwa mjumbe. Wanakutana kwenye hoteli huko Grapevine, Texas, wanatazama mechi, wanaangalia nani alicheza na wapinzani wagumu, nani alimfunga nani, nani ni bingwa wa konferensi yake, kisha wanapiga kura kwa mafungu mpaka orodha itimie. Na kuna kanuni ninayoipenda kuliko zote: chuo chako kikijadiliwa, unanyanyuka na kutoka nje ya chumba. Unakaa huko mpaka wenzako wamalize. Kila mtu nchini anajua kanuni hiyo ipo, na anajua mjumbe gani inamhusu.

Walifikaje hapa, ni hadithi ya manung'uniko matupu. Kuanzia 1998 walichanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Msimu wa 2003 chuo cha USC kilikuwa namba moja kwenye kura za waandishi na za makocha, kompyuta zikakitupa nje, vyuo vya LSU na Oklahoma vikacheza fainali, na nchi ikaishia na mabingwa wawili. Mwaka uliofuata Auburn walimaliza bila kufungwa wala kupewa nafasi. Ndipo 2014 ikaja kamati na timu nne, na 2024 zikawa 12: mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu kwenye orodha walipewa nafasi zao, saba zilizobaki zikawa mikononi mwa kamati. Timu zisizoingia huko zinakwenda kwenye mechi nyingine za Bowl, yaani mechi za mwaliko za kufunga msimu, ambako ukishinda mechi sita unastahili, halafu waandaaji wanachagua kufuatana na mikataba ya konferensi na kutazama nani ataleta mashabiki. Timu zenye ushindi mara sita zikipungua, zinaitwa zenye ushindi mara tano kwa kufuata alama za maendeleo ya masomo ya wachezaji. Hilo la masomo lilinigusa, nalipongeza na kupita.

Nataka nikae kwenye Florida State, Desemba 2023, kwa sababu mfanyakazi mwenzangu mmoja ni wa chuo hicho na nilimwona alivyokuwa wiki ile. Mechi 13, ushindi 13, bingwa wa konferensi yao. Lakini Novemba kwotabeki wao Jordan Travis, kijana anayeongoza mashambulizi yote, alikuwa amevunjika mguu. Kamati ikasema timu bila yeye si timu ileile, ikawaingiza Texas na Alabama, ambao kila mmoja alikuwa amefungwa mara moja. Haikuwa imewahi kutokea kwa bingwa wa konferensi kubwa ambaye hajafungwa tangu kamati ianze. Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimu ule, watu wapate muda wa kuona kwamba timu si yeye peke yake. Mtoto wa watu anaomba angevunjika mapema! Mwenzangu kazini alinionyesha maneno hayo kwenye simu yake pale tunapofungia maboksi, akashindwa kumalizia kusoma. Baadaye wachezaji wengi wakajitoa, na Georgia ikawafunga 63 kwa 3 kwenye Orange Bowl. Wapo waliosema basi kamati ilikuwa sahihi. Mimi nasema timu iliyokatwa moyo haithibitishi lolote.

Kwa hiyo nikisema nawaonea wivu, jueni nawaonea wivu wa kitu kimoja tu. Siku ile mwenyekiti, Boo Corrigan, alikaa kwenye televisheni mbele ya taifa zima lililokasirika, akataja sababu kwa mdomo wake: ni yule kwotabeki. Sababu ninaipinga mpaka leo. Lakini ninayo. Najua ninachokipinga.

Sasa twende nyumbani. Sisi ambao msimamo wetu hauhitaji kamati yoyote kuupanga, ndio tumewapa watoto wetu msemo wa pointi za mezani, zile zinazogawiwa na kamati badala ya kupatikana uwanjani. Mimi ni Mwananchi, Yanga damu, na nitaanza na mwaka ambao sisi tulifaidi ili mtani asiseme nachagua. 2017 Simba walifungwa na Kagera Sugar pale Kaitaba, wakalalamika kwamba Kagera walimchezesha Mohamed Fakhi akiwa na kadi tatu za njano, ambazo zilipaswa kumweka nje. Kamati ya Saa 72, ile inayopitia mambo ya mechi za ligi, ikawapa Simba pointi tatu. Kamati nyingine ya TFF ikazirudisha Kagera. Msimu ukaisha Yanga 68, Simba 68, kombe likaja Jangwani kwa tofauti ya magoli. Niambieni, shabiki wa Simba aliyelala na pointi na kuamka bila pointi, alipata wapi nafasi ya kumsikia mtu mmoja, mwenye jina na sura, akibanwa maswali hadi ya mwisho kuhusu kilichobadilika kati ya kikao na kikao? Nilishangilia kombe lile. Na bado naona alistahili majibu.

Na Machi 8, 2025 hamjaisahau, haina haja niisimulie. Nilibadilishana zamu na mtu ili nitazame dabi ya Yanga na Simba. Simba wakasema hawachezi kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na kanuni inaipa timu mgeni haki hiyo. Kilichotufikia ni taarifa kwa umma, karatasi yenye nembo ikirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine: mechi imeahirishwa. Watu wameshatoka mikoani, wameshalipa nauli na viingilio. Ikaja tarehe ya Juni 15, ikaahirishwa, ikachezwa Juni 25, tukashinda 2 kwa 0, tukawa mabingwa. Uwanjani sina deni na mtu. Lakini muda wote huo wa kusubiri, vijiweni kila mmoja alikuwa na maelezo yake, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuyasikia yaliyonyooka na kuyauliza swali la pili.

Najua mtakachosema. "Huyo mwenyekiti wa Marekani naye anapamba tu, nyuma yake kuna fedha za televisheni." Inawezekana kabisa. Televisheni ya ESPN ndiyo yenye haki za kuonyesha mchujo, na ndiyo hiyohiyo yenye mkataba na SEC, konferensi ya kina Alabama. Mashabiki wa huku wanalipigia kelele hilo kila mwaka, tena kwa hasira kuliko zetu. Sijasema kamati yao ni malaika. Nasema inajitokeza. Tangu Novemba inatoa orodha yake kila Jumanne, wiki baada ya wiki, watu wanaishambulia, mwenyekiti anajibu, wiki ijayo anarudi. Mwenye hila akilazimishwa kuongea kila Jumanne, siku moja maneno yake yatagongana. Na mwenye haki akiongea kila Jumanne, watu watamzoea na kumwamini kidogo kidogo.

Tena yamegongana kweli, Desemba 2025. Vyuo vya Miami na Notre Dame walikuwa sawa, ushindi mara 10 na vipigo viwili, na Miami alikuwa amemfunga Notre Dame 27 kwa 24 mwanzoni mwa msimu. Kwa wiki kadhaa kamati ilimweka Notre Dame juu. Wiki ya mwisho, wote wawili hawajacheza, orodha ikageuka: Miami ndani, Notre Dame nje. Mwenyekiti Hunter Yurachek akaeleza kwamba BYU, chuo kingine kilichokuwa kati yao, walipofungwa na kushuka, timu hizi mbili zilibaki zikigusana kwenye orodha, ndipo wakaitazama upya mechi yao ya ana kwa ana. Notre Dame walikasirika hadi wakasusia mechi yoyote ya Bowl. Kususa hakukuanzia kwa Simba pale Msimbazi, ndugu zangu. Tofauti ni kwamba Notre Dame walisusa wakiwa na maelezo mkononi, wakayaona hayatoshi, na kila shabiki wa nchi hii aliweza kuyapima mwenyewe. Miami walikwenda hadi fainali, wakafungwa na Indiana 27 kwa 21.

Na wewe unayetaka kuniambia "uliondoka, tuachie mpira wetu": ligi hii naitazama saa za asubuhi nikitoka zamu ya usiku, kadi ya Yanga nailipia, na kila mwaka nawaeleza watu wa huku kwamba sisi tuna ligi safi ambayo bingwa anapatikana uwanjani bila kura ya mtu. Nataka niendelee kulisema hilo bila kuinamisha macho. Ninachoomba si kamati ya watu 13 wala hoteli ya Texas. Siku Bodi itakapoahirisha mechi nyingine au kugawa pointi nyingine, mwenyekiti akae studio jioni ileile, waandishi wetu wamuulize kanuni ipi imetumika na nani alitoka nje ya chumba timu yake ilipojadiliwa. Akinijibu vibaya nitakasirika, na kesho yake nitanunua tiketi.